Sushi ya bei ya mwanafunzi Tokyo: mkanda, kusimama, duka la mtaa au pakiti ya supamaketi?

Ndugu na marafiki wanaokuja Tokyo, wa masomo na wa matembezi, huniuliza swali moja: sushi nzuri isiyokausha mfuko iko wapi? Nami huwajibu kwa swali: unataka kwenda saa ngapi? Katika mji huu matonge manane ya sushi unaweza kuyapata kwa yen 400 au kwa yen 4,000, na tofauti haiko kwenye samaki peke yake. Unalipia samaki, unalipia mikono iliyofinyanga tonge, unalipia kiti, na unalipia muda utakaokaa juu ya kiti hicho. Mwenye mfuko mwembamba lazima aamue ni lipi kati ya hayo atalisamehe.

Nitalinganisha njia nne ambazo mtu wa kipato cha kawaida hapa hula sushi: mgahawa wa mkanda, ambako sahani hutembea kwenye mkanda mbele ya wateja, kaunta ya kusimama, duka dogo la mtaa wakati wa chakula cha mchana, na pakiti ya supamaketi jioni. Zile kaunta za Ginza, mtaa wa kifahari, za kuweka nafasi miezi kabla siziingizi. Hazikujengwa kwa ajili yetu.

Tunapima nini

Kwanza, bei ya kushiba, si bei ya sahani. Sahani ya yen 120 inavutia mpaka uhesabu kwamba umekula kumi na tano.

Pili, wali. Wageni wengi hutazama samaki. Mimi nimekulia pwani, naanza na wali, kwa sababu sushi ni wali wa siki wenye kitoweo juu yake, na wali uliokakamaa hauokolewi na samaki yeyote. Wali mzuri wa sushi una uvuguvugu wa mwili, punje zimeshikana lakini zinaachiana mdomoni.

Tatu, kitoweo chenyewe. Nne, uwazi wa bei: unajua utalipa ngapi kabla hujatia kitu mdomoni? Tano, wepesi kwa mgeni asiyesoma Kijapani.

Sita ni halali, kwa wanaoiangalia. Samaki si tatizo. Tatizo ni mirin, pombe tamu ya mchele inayotiwa kwenye sosi nyingi na mara nyingine kwenye siki ya wali, pamoja na sosi ya soya ya kiwandani, ambayo mara nyingi huongezwa alkoholi isiharibike. Mkunga na yai la kukaanga ni vya kuulizia kabla ya kuagiza, kwa sababu ya sosi na viungo vyake.

Na jambo la kodi, kabla sijasahau: ukila hapohapo ni asilimia 10, ukibeba ni asilimia 8. Menyu nyingi huandika bei mbili, na iliyoandikwa kwa herufi kubwa mara nyingi ni ile isiyo na kodi. Bakshishi hakuna. Ukiiacha mezani utakimbizwa barabarani urudishiwe.

Sushi ya mkanda

Aliyeianzisha ni mwenye mgahawa mmoja wa Osaka, Yoshiaki Shiraishi, aliyeona chupa za bia zikitembea kwenye mkanda kiwandani akajiuliza kwa nini sahani za sushi zisitembee vivyo hivyo. Mwaka 1958 akafungua mgahawa wa kwanza wa namna hiyo. Leo majina makubwa ni Sushiro, Kura Sushi na Hama Sushi, na matawi yao yameenea nchi nzima.

Bei ya kushiba: sahani moja kwa kawaida ina matonge mawili, na mtu mzima hushiba kwa sahani nane hadi kumi na mbili. Zamani hesabu ilikuwa rahisi, sahani yen 100 kabla ya kodi. Oktoba 2022 Sushiro na Kura waliachana na bei hiyo. Sahani ya chini ya Sushiro ikawa yen 120 pamoja na kodi kwenye matawi ya pembezoni, na zaidi ya hapo katikati ya mji. Ndiyo maana nasema, kama unaweza, panda treni vituo vichache utoke nje ya katikati. Tarajia kulipa kati ya yen 1,200 na 2,000.

Wali hufinyangwa na mashine. Hauna kasoro, na hauna roho. Kila tonge ni pacha wa mwenzake. Kitoweo kingi kimegandishwa, na hapa nitawatetea: jodari aliyegandishwa vizuri huhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 60 chini ya sifuri, na kugandisha ndiko kunakoua minyoo ya anisakis inayowaumiza watu tumbo. Salmoni unayemwona kila sahani ya pili si desturi ya Wajapani hata kidogo. Ni Wanorwe waliokuja kuwashawishi miaka ya 1980 kwamba salmoni wao wa kufugwa analika mbichi. Kabla ya hapo salmoni alipikwa. Na pweza, ndugu zangu wa Forodhani, mara nyingi ametoka Moroko au Mauritania. Anakuja amechemshwa, mwororo, hana pilipili wala ndimu, na inabidi umsamehe.

Kwa uwazi wa bei hakuna kinachoushinda mkanda. Rangi ya sahani au skrini iliyo mbele yako inakuambia kila kitu, na skrini huwa ina Kiingereza. Siku hizi usishangae ukikuta mkanda wenyewe hauna kitu juu yake. Mapema mwaka 2023 zilisambaa video za wateja wakilamba chupa za sosi na kugusa sushi za wenzao, na matawi mengi yakaacha kuzungusha sahani ovyo. Sasa unaagiza kwenye skrini na chakula kinakuja mbio hadi mezani kwako. Wali mara nyingi hauna wasabi (kile kiungo kikali cha kijani) ndani, pakiti zake zipo pembeni. Kwa halali ni pagumu, kwa kuwa mhudumu aliye mbele yako hajui siki imechanganywa na nini. Huenda usimwone mhudumu kabisa.

Panawafaa wenye watoto, wasiokula kibichi (kuna yai, tango, kamba wa kuchemshwa, chipsi, hata keki), na mgeni wa siku ya kwanza anayeogopa kuaibika. Pale Kura, kila ukitumbukiza sahani tano tupu kwenye tundu la meza, skrini inakuchezesha mchezo wa kushinda mwanasesere. Ndivyo baba anavyolipia sahani ya kumi na moja.

Kuna tabaka la juu kidogo la mkanda, kama Nemuro Hanamaru, iliyotoka kisiwa cha Hokkaido kaskazini na ina tawi kwenye jengo la KITTE karibu na Tokyo Station. Samaki ni bora zaidi, sahani zinapanda bei haraka, na foleni yake inaweza kula mchana wako wote.

Sushi ya kusimama

Hii ndiyo sushi ya asili. Mwanzoni mwa karne ya 19, Tokyo ikiitwa Edo, tonge la sushi liliuzwa kwenye vibanda vya barabarani kama mishikaki inavyouzwa kwetu: mtu anafika, anakula wima, anafuta mkono, anakwenda zake. Vibanda vimetoweka, lakini karibu na stesheni kubwa vimebaki vyumba vyembamba vyenye kaunta na hakuna viti. Uogashi Nihon-Ichi ni jina mojawapo utakaloliona.

Hapa unaagiza tonge moja moja, na bei imeandikwa ukutani au kwenye karatasi. Tonge la ngisi au vibua huwa la yen mia moja na kitu. Jodari wa mafuta huruka mara tatu au nne ya hapo. Matonge kumi yatakutoa yen 1,500 hadi 2,500. Kwa hiyo si nafuu kuliko mkanda. Unachopata ni mpishi mbele ya macho yako, anayefinyanga kwa mkono na kukuwekea tonge ubaoni likiwa bado na uvuguvugu. Umekisamehe kiti, pesa ya kiti imekwenda kwenye samaki. Mimi naona ni biashara ya haki.

Hatari yake ni ukimya wa hesabu. Tonge moja halionekani kuwa kitu, na lingine, na lingine. Amua idadi kabla hujaingia. Lugha si tatizo kubwa, kunyoosha kidole kunatosha, na wapishi wa karibu na stesheni wamezoea wageni. Halali: unaweza kuuliza, lakini watu wamepanga foleni nyuma yako na jibu litakuwa fupi.

Panamfaa mtu mmoja au wawili, wenye njaa ya wastani na dakika ishirini. Mwenye mizigo, mtoto au goti bovu apite.

Duka la mtaa, saa sita mchana

Hapa nitakaa zaidi, maana ndipo penye mambo.

Kila mtaa wa makazi una duka lake la sushi, mara nyingi kaunta ya viti vinane na meza mbili, baba anafinyanga na mama anapokea pesa. Mlangoni hutundikwa kitambaa kilichochanwa vipande, noren. Kikiwa nje, wamefungua. Hakuna picha za chakula wala Kiingereza, na dirisha halikuonyeshi ndani. Mgeni hupita mbele yake miaka miwili bila kuthubutu. Mimi nilipita mwaka mmoja na nusu.

Siri ni mchana. Kuanzia kama saa tano na nusu hadi saa nane, duka hilohilo ambalo jioni litakutoa yen 6,000 huweka kibao nje chenye seti ya yen 1,000 hadi 1,500: matonge saba au nane, mkato wa sushi ya kuviringwa kwa mwani, supu ya miso (soya iliyochachushwa), chai isiyo na mwisho. Sababu ni za kibiashara. Seti imepangwa, kwa hiyo hakuna kinachotupwa. Wafanyakazi wa ofisi wanakula na kuondoka, kiti kimoja kinalisha watu watatu. Vipande vya pembeni vya samaki wa jioni huingia kwenye bakuli la chirashi, wali uliomwagiwa vitoweo mbalimbali, ambalo kwa maoni yangu ndicho chakula cha haki kuliko vyote kwa mwenye njaa. Na ukila vizuri mchana, siku ukipata mshahara utarudi usiku.

Seti hupangwa kwa daraja tatu: nami, jo na tokujo, yaani ya kawaida, ya juu na ya juu kabisa. Maduka mengine hukwepa kumwaibisha mteja kwa kutumia majina ya miti: ume, take na matsu, ambayo ni plamu, mwanzi na msonobari. Agiza nami au ume bila haya. Wali ni uleule, mikono ni ileile; kinachobadilika ni kwamba hupewi mayai ya samaki ya bei kali.

Kuhusu kitoweo, ushauri wangu unakwenda kinyume na wanaotafuta jodari wa mafuta. Huyo ni ghali kila mahali, na alivyo hakuna sifa ya mpishi ndani yake. Kabla ya Vita vya Pili watu wa Tokyo hata hawakumthamini, kwa kuwa mafuta yake yaliharibika upesi. Tazama samaki wa ngozi inayong'aa: vibua, dagaa wakubwa, na yule mdogo anayeitwa kohada. Sokoni ni wa bei ya chini, lakini kohada lazima atiwe chumvi, aoshwe, alazwe kwenye siki, na muda hubadilika kwa ukubwa wa samaki na hali ya hewa ya siku. Huko ndiko fundi anakoonekana. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, na kwa mengi ni kweli, ila kwa kohada samaki wa bei rahisi ndiye anayemtia mpishi mtihanini.

Uwazi wa bei ni mzuri mchana na mbaya usiku. Usiku baadhi ya maduka hayaandiki bei za samaki. Wanaweka herufi mbili tu zenye maana ya "bei ya leo". Niliwahi kuingia duka moja la namna hiyo saa mbili usiku, nikiwa nimejaa ujasiri wa seti zangu za mchana, nikaitisha jodari mara tatu kwa sababu ndilo neno la Kijapani nililokuwa na uhakika nalo. Nilipopewa karatasi ya hesabu nilikunywa chai yangu taratibu sana, nikipiga hesabu ya wiki iliyobaki. Hawakunidhulumu. Sikuuliza.

Wengi wa wenye maduka haya hupokea taslimu tu. Siku ya mapumziko mara nyingi ni Jumapili au Jumatano, kwa sababu soko kubwa la samaki la Toyosu, lililochukua nafasi ya soko la ndani la Tsukiji Oktoba 2018, hufungwa Jumapili na Jumatano nyingi.

Lugha ndiyo gharama halisi ya njia hii. Maneno manne yanakutosha. Mpishi mwite "taisho", maana yake jemadari, na utaona uso wake ukilainika. Sema "ranchi", yaani chakula cha mchana, na daraja unayoitaka. Kama hutaki wasabi sema "sabi nuki", kwa sababu hapa huwekwa ndani ya tonge. Usijipake manukato makali. Tonge likiwekwa mbele yako, lile. Usilipige picha kumi. Kula kwa mkono kunaruhusiwa, na hapo sisi wa pwani tuko nyumbani: ligeuze, kichovye kitoweo kwenye sosi, si wali, ulitie mdomoni lote.

Halali ni mahali ambapo duka la mtaa linaweza kukushangaza. Anayepika ndiye aliyechanganya siki asubuhi, kwa hiyo ukimwonyesha swali limeandikwa kwa Kijapani kwenye simu atakujibu kwa uhakika, na akisema ndani mna mirin utajua si kubahatisha. Mwulize kabla hujakaa, na kabla saa sita haijafika na duka kujaa.

Panamfaa mwenye mchana huru, asiye na kundi kubwa, aliye tayari kuonekana mshamba kwa dakika tano. Panamfaa pia anayekaa mtaa huo, kwa sababu safari ya tatu utakuta umeongezewa tonge usiloliagiza.

Pakiti ya supamaketi

Kwa bei peke yake hakuna mashindano. Pakiti ya matonge manane hadi kumi huwa kati ya yen 600 na 1,000, na jioni, saa moja au mbili kabla duka halijafunga, mfanyakazi hupita na vibandiko. Hapa wageni hukosea: kibandiko kikiwa na tarakimu 2 si asilimia mbili, ni fungu mbili kati ya kumi, yaani asilimia 20. Kikiwa na 3 ni asilimia 30. Halafu huja chenye herufi 半額, nusu bei, na hapo utawaona kina mama watulivu wa mtaa wakigeuka wanariadha.

Wali ni mahali inapoanguka. Umekaa kwenye baridi tangu mchana, na wali ukikaa kwenye baridi unakakamaa. Usiuweke tena kwenye friji. Ule ndani ya muda uliochapishwa, ambao mara nyingi umeandikwa hadi saa. Kitoweo si kibaya hata kidogo, hasa kwenye supamaketi yenye kitengo chake cha samaki. Bei iko wazi, hakuna wa kuzungumza naye, kodi ni asilimia 8. Na kwa halali ina faida moja: viungo vyote vimeandikwa kwenye lebo, simu inaweza kukutafsiria, ingawa mara nyingi utakachosoma ni kwamba alkoholi imo.

Inamfaa mwanafunzi wa mwisho wa mwezi na anayerudi kazini usiku. Kama ni sushi yako ya kwanza maishani, tafadhali usianzie hapa. Utawasimulia watu kwamba sushi ni wali baridi.

Kwa hali yako

Kama una yen 500 na ni saa mbili usiku, supamaketi, na usione haya kusubiri kibandiko. Ukiwa na yen 1,500 na mchana wa siku ya kazi, duka la mtaa. Ukikuta kitambaa hakipo mlangoni, usibishe hodi, nenda kaunta ya kusimama ya stesheni ukale matonge sita. Ukiwa na pesa hiyohiyo lakini ni usiku, achana na duka la mtaa kabisa, chagua kati ya kusimama na mkanda: kusimama ukiwa peke yako, mkanda mkiwa wengi.

Mwenye kushika halali kwa ukali aanze na swali kwenye simu katika duka la mtaa, na akipata jibu asilolitaka ashukuru na atoke, hakuna atakayekasirika. Anayekubali samaki bila kuchunguza siki anaweza kula popote, ila abebe kichupa chake cha sosi ya soya isiyo na alkoholi.

Ukiwa na mgeni kutoka nyumbani anayesema hali samaki mbichi, mpeleke mkanda, umwagizie yai na kamba, uache salmoni apite mbele yake. Na watoto wakiwepo, wakalishe mbali na lile bomba jeusi la mezani. Si la kunawia mikono. Ni maji ya chai, yanachemka, na kidole changu cha shahada kinakumbuka.